Uwiano wa nyutrofili na limfosaiti kwa mgonjwa wa ateri za miguu zilizoziba: niufanyie kazi?

Mhudumu_Zamu
Wakuu, naomba tusaidiane kusoma majibu haya. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 64, ana kisukari na anavuta sigara. Akitembea kama mita 200 kigimbi cha kulia kinabana, akisimama dakika chache kinaachia. Uwiano wa presha ya kifundo cha mguu kwa ile ya mkono ni 0.62 kulia na 0.88 kushoto. Picha kamili ya damu: seli nyeupe 9.6, nyutrofili asilimia 71, limfosaiti asilimia 17 (zote mbili ni aina za seli nyeupe). Maabara haikuweka alama yoyote ya kuonya kwenye seli nyeupe, lakini nasikia uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti unatabiri nani atakatwa mguu au kupata mshtuko wa moyo. Kizingiti ni kipi? Na je, nianze antibiotiki?

Ateri_Kwanza
Mkuu, gawanya 71 kwa 17, unapata 4.2. Ukitumia idadi kamili ni 6.8 kwa 1.6, jibu ni lile lile. Watu wazima wengi wenye afya hukaa kati ya 1 na 3 hivi, kwa hiyo huyu yuko juu ingawa jumla ya seli nyeupe haijavuka 11. Karatasi ilinyamaza kwa sababu mashine hupima kila mstari peke yake, hailinganishi mmoja na mwingine.

Nyutrofili humwaga vimeng'enya vinavyoumiza ukuta wa ateri, na nyavu za DNA zinazorushwa nazo hunasa chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoanzisha kuganda) na kuharakisha damu kuganda. Limfosaiti nazo hupungua mwili ukielemewa, kwa kuwa kortisoli, homoni ya msongo, huziondoa kwenye mzunguko wa damu. Uwiano unabeba habari zote mbili. Tafiti kadhaa, hasa za wagonjwa waliofikia maumivu ya usiku au vidonda, zimeonyesha wenye uwiano mkubwa hufa mapema zaidi na hupoteza miguu zaidi.

Kizingiti kimoja hakuna. Tafiti zimetumia kuanzia karibu 3 hadi zaidi ya 5, nyingi zikichagua panapofaa takwimu zao wenyewe. Tena watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwa kurithi, kwa sababu ya jeni ya Duffy, bila ugonjwa wowote. Kizingiti kilichopatikana kwa Wazungu kinaweza kumwonyesha mtu kama huyo yuko salama, kumbe hayuko. Hili linasahaulika mno, na linaniuma.

Antibiotiki hapana, mpaka uyaone maambukizi yenyewe.

Darubini
Kabla ya kuiamini 4.2, hakikisha sampuli. Chupa ya kifuniko cha zambarau ijazwe hadi mstari wake, igeuzwe polepole mara 8 hadi 10, isitikiswe. Pakiwa na bonge dogo tu la damu, hesabu imeharibika. Ipimwe siku hiyo hiyo. Ikilala, seli huvimba na kuvunjika, na mashine huzichanganya.

Kisha uliza dawa. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Ukiona eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ziko karibu na sifuri, shuku steroidi. Upasuaji wa karibuni, jipu la jino na maambukizi ya kifua vinafanya hivyo hivyo. Sigara yenyewe hupandisha seli nyeupe.

Halafu mvue soksi zote mbili. Tazama kisigino, unyayo, na kati ya kila kidole. Mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda asisikie chochote.

Mhudumu_Zamu
Steroidi hatumii. Nimetazama: mguu wa kushoto, kati ya kidole cha nne na cha mwisho, pana kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zimelowa na kuwa nyeupe, chini kijivu. Anasema kina wiki tatu. Kulia hakuna kitu.

Ateri_Kwanza
Basi weka 4.2 pembeni. Sasa huwezi kujua ni ya ateri au ya kidonda.

Na ile 0.88 ya kushoto usiitegemee. Kwa mwenye kisukari ateri za kifundo hukakamaa kwa chokaa, mkanda hushindwa kuzibana, na presha husomeka juu kuliko ilivyo. Pima presha ya kidole gumba: chini ya milimita 30 za zebaki damu haitoshi kabisa, 60 na zaidi inatia moyo. Kidonda kilichopita wiki mbili kwenye mguu wenye ateri zilizoziba ni mguu ulio hatarini. Aonwe na daktari wa mishipa ndani ya siku chache, asipangiwe mwezi ujao.

Ingiza kijiti cha chuma kilichotakaswa kidondani. Kikigonga kitu kigumu, shuku mfupa na umpige eksrei. Antibiotiki anza ukiona usaha, au angalau dalili mbili kati ya joto, uvimbe, maumivu na wekundu unaozidi nusu sentimita. Mazoezi ya kutembea yasubiri, kidonda kisikandamizwe.

Yasiyosubiri: statini ya nguvu (dawa ya kushusha kolesteroli), mfano atovastatini miligramu 40 hadi 80, dawa ya kuzuia chembe sahani kushikana, yaani aspirini 75 hadi 100 au klopidogreli 75, na sigara iachwe, kwa dawa za kusaidia kuacha kama zipo. Akizibuliwa mishipa, daktari anaweza kufikiria rivaroksabani (dawa ya kuzuia damu kuganda) miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini, kama ilivyojaribiwa kwenye utafiti wa VOYAGER PAD wa 2020, akipima hatari ya kutoka damu. Dawa ya kushusha uwiano wenyewe usiitafute. Kanakinumabu, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, kwenye utafiti wa CANTOS wa 2017 ilipunguza matukio ya moyo kwa waliowahi kupata mshtuko wa moyo, lakini maambukizi ya kuua yaliongezeka.

Darubini
Kidonda kikifunga, subiri wiki kadhaa, urudie picha ya damu mara mbili kwa siku tofauti, asubuhi, maabara ile ile. Andika idadi kamili kwenye faili, si asilimia pekee, ili atakayesoma baadaye aone ni nyutrofili zilizopanda au limfosaiti zilizoshuka.