Mrejesho: kitabu cha kusoma kwenye baridi ya Uyole

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliomba kitabu cha Kiswahili cha kusoma usiku, maana baridi ya Juni huku Mbeya inakulaza saa mbili. Mlinipa viwili: Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Vuta n'kuvute nimekimaliza siku nne. Yasmin kaozwa mzee Raza, akatoroka, nami nimekaa jikoni miguu kwenye jiko la mkaa hadi soksi ikaungua kidoleni. Kiswahili cha Unguja kilinitesa mwanzoni, ikabidi nimsumbue shemeji wa Tanga kwa simu.

Peponi naenda nacho mdogomdogo. Yusuf kachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, mwenyewe anadhani ni mjomba tu. Roho inauma. Msinipe mwisho!

Nami nawarudishia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Nakala yangu ni ya mtumba, nimeitoa Mwanjelwa, ina madoa ya chai. Wa Iringa anayeitaka nampakilia kwenye basi, ila anitumie cha kwake.