Mrejesho: bluu haitoki tena majini

Wadau, niliuliza mbona saianotaipu zangu (picha za bluu zinazochapwa kwa jua) zinafifia nikiziosha. Aliyelaumu mawingu ya Julai alipatia. Jua la Nairobi msimu huu ni la kubahatisha, na zile kemikali za chuma zinazopakwa kwenye karatasi zinataka mionzi ya urujuanimno (UV, ile ya jua isiyoonekana), si mwangaza tu. Sasa karatasi inakaa juani chini ya kioo hadi sehemu zilizo wazi ziwe za kijivu-shaba, hata ikichukua saa nzima. Majani ya jakaranda niliyolaza juu yake yametoka na vijani vyake vyote, yaani raha!

Haidrojeni peroksaidi kidogo kwenye beseni la mwisho la kuoshea hukoleza bluu papo hapo. Bila hiyo hujikolea polepole yenyewe. Kitambaa cha pamba pia kimekubali, ila msikifue kwa magadi: bluu hugeuka manjano.