720,720: hii namba ina nini?

MwekaHazina_Mbagala:
Wakuu, naombeni msaada. Kikoba chetu kimevunjwa na sandukuni ipo 720,720. Tulikuwa 16, nikagawa: 45,045 kila mtu. Mmoja akajitoa, tukabaki 15, ikatoka 48,048. Mwingine naye akaaga, 14: 51,480. Hakuna baki hata shilingi! Shoga yangu anasema pesa imefanyiwa dawa. Kweli?

Chaki_Nyeupe:
Dada, dawa iko kwenye vigawo. Ukiivunja unapata 2×2×2×2×3×3×5×7×11×13. Ndiyo KDS, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika bila baki kwa namba zote kuanzia 1 mpaka 16, ile ile tuliyochapiwa viboko darasa la tano. Ina vigawo 240, yaani namba 240 zinazoigawa bila baki, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko yenyewe inayofikisha idadi hiyo. Namba za ukoo huu Ramanujan, Mhindi aliyekuwa Cambridge, aliziandikia makala ndefu mwaka 1915.

MwekaHazina_Mbagala:
Sasa nimwambieje shoga?

Chaki_Nyeupe:
Mwambie aongeze mtu wa 17. Namba tasa hiyo, na humo haimo. Kila mmoja 42,395, zinabaki 5.

Konda_wa_Gongolamboto:
Mnabishania shilingi 5 wakati hiyo 45 ya mwisho kwenye 45,045 hamna sarafu yake ya kumlipa mtu? Tumeni kwa simu. Makato ndiyo yatawagawa vizuri.

MwekaHazina_Mbagala:
😂 Konda umeniweza. Wa 17 alishakuja, shemeji yake mwenyekiti. Hajawahi kuweka hata mia.