MREJESHO: Chama chetu cha watendaji wa kata Lindi, ada na akidi

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu chama chetu cha watendaji wa kata na vijiji mkoani Lindi: ada hazilipwi, mkutano mkuu haufikishi akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa. Asanteni sana mlionijibu.

Kilichotubeba ni kuutoa mkutano kwenye mwezi wa Novemba. Msimu wa korosho mtendaji anashinda kwenye maghala na minada ya AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), hawezi kutoka. Tukausogeza hadi msimu ulipoisha, na badala ya Lindi mjini tukakutana Nachingwea. Wa Ruangwa na Liwale wakaja wengi, akidi ikatimia mapema. Mweka hazina akasimama na daftari, akasoma jina moja moja nani kalipa na pesa imekwenda wapi. Mama mmoja, mtendaji wa siku nyingi, akalipa deni lake palepale kwa simu, na wengine wakafuata.

Kilichogoma ni ada kukatwa kwenye mshahara, wengi hawajasaini fomu. Wenzetu wa Kilwa nao hawakufika, Nachingwea kwao mbali mno. Wanaomba kikao chao cha kanda na mimi nawaunga mkono kabisa.

Katiba iliyorekebishwa tunaipeleka kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mdau uliyetukumbusha hilo, Mungu akubariki.