Bonde letu Mufindi: mmekata mivengi ya asili, mmepanda milingoti (mikaratusi) hadi kwenye chemchemi, sasa maji hakuna

Wakuu, nimerudi juzi kutoka kijijini Mufindi na hasira bado haijanitoka.

Chemchemi yetu imekauka. Tulipokuwa wadogo bibi alitutuma bondeni na ndoo za lita kumi. Unatega ndoo chini ya jiwe, unanawa uso, ukigeuka imejaa. Juu yetu ilisimama mivengi mikubwa, baridi hadi saa sita mchana, na msimu wa matunda tulirudi nyumbani ndimi zimekuwa zambarau. Safari hii nimemkuta mama mdogo amechuchumaa palepale na kikombe cha plastiki. Anachota tope, anasubiri litulie, anamimina maji ya juu kwenye ndoo, anachota tena. Nikapima kwa miguu kutoka lile jiwe hadi mlingoti wa kwanza. Hatua nne. Nne!

Kuna mtu wa mjini alinunua bonde lile, akakata mivengi yote, akachoma visiki, akapanda milingoti hadi mdomoni mwa maji. Wazee walikwenda kulalamika, wakaambiwa ana karatasi zake. Wakapanda ofisi ya juu, huko wakajibiwa: "Si amepanda miti? Nyie mnataka nini?"

Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Miti haifanani jamani! Milingoti na miwati asili yake Australia, mipaina ya kwetu ilitoka Mexico. Sipingi mtu kupanda milingoti mlimani, ada yangu ya sekondari ililipwa kwa nguzo na mbao. Lakini mlingoti unakua haraka kwa sababu unavuta maji mwaka mzima, kiangazi na masika, na ukiukata unachipua kwenye kisiki kilekile, unaendelea kunywa. Mvengi umekaa na maji yale tangu babu hajazaliwa na maji yalikuwepo.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Kwenye lile shamba hakuna ofisa aliyewahi kuja na kamba ya kupimia. Ila akina mama wa vinyungu, vile vibustani vya bondeni vya kiangazi, mita hizo 60 wanazijua kwa kichwa, maana kila kiangazi wanafuatwa nazo. Mwaka jana shangazi yangu aling'olewa mahindi yanaanza kubeba, na maharage yake. Upande wa pili wa kijito, milingoti imesimama, hakuna aliyeigusa. Mahindi ya mjane yanaharibu chanzo, milingoti ya mwenye hela inatunza mazingira?

Na kila Aprili mosi, siku ya kupanda miti, tunaletewa miche ya bure. Kijijini kwetu mwaka huu imekuja milingoti na mipaina. Mche wa asili hata mmoja haukuwemo.

Msidhani haya ni ya kijiji kimoja. Mto Ruaha Mdogo unaanzia huku kwetu, watu wa Iringa mjini wanaunywa, kisha unaingia Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu 1993. Lawama nyingi zinakwenda bonde la Usangu huko juu ya mto, kwenye mpunga na mifugo, na ni haki yao. Lakini vijito vya milimani navyo vinakufa kimyakimya. Na kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimjua mwaka 2003 tu, anaishi kwenye mabaki ya msitu wa asili kule Rungwe, Kitulo na Udzungwa. Shamba la milingoti halimlishi.

Ninachotaka: milingoti yote iliyo ndani ya mita 60 ing'olewe na visiki vyake, kwa gharama ya aliyepanda, na ofisi inayogawa miche ilete ya asili. Barua nimeshaiandika, wazee 31 wameweka sahihi na dole gumba. Jumatatu naipeleka mkononi.

Aliye Mafinga, Makambako au Njombe mwenye miche ya mivengi, au mivengi mikubwa inayozaa, aniambie hapa. Mbegu yake ikikauka imekufa, kwa hiyo sitaki ya kutumwa kwenye basi. Nitaifuata mwenyewe, niiatike siku hiyohiyo. Nyuma ya kile kitalu cha chai cha zamani kuna kisiki kimoja cha mvengi hawakukichoma vizuri, nimeona kina machipukizi matatu. Nimekizungushia miiba.