Watoto wa kafara wa Llullaillaco: waonyeshwe au wafunikwe?

Mleta mada:
Wadau, mwaka 1999 timu ya Johan Reinhard na Constanza Ceruti ilifukua maiti za watoto watatu kileleni mwa Llullaillaco, volkano ya mita 6,739 mpakani mwa Argentina na Chile. Wainka, watu wa dola ya kale ya Amerika Kusini, waliwatoa kafara miaka kama 500 iliyopita, na baridi ikawahifadhi wasioze. Tangu 2007 jumba la makumbusho mjini Salta, Argentina, linawaonyesha kwa zamu ndani ya kioo, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Baadhi ya wenyeji wa milima ya Andes wanapinga. Mimi niko nao.

Mtazameni binti mkubwa, wa miaka 13 hivi. Amekaa kakunja miguu, kichwa kimeinama, nywele kasukwa vimistari vyembamba, majani ya koka, yanayotafunwa kuchangamsha mwili, bado yako mdomoni. Nywele hizo zilipimwa, matokeo yakatolewa 2013: mwaka wake wa mwisho alibadilishiwa chakula, akaanza kula vya watu wa tabaka la juu, nyama na mahindi. Koka ikaongezwa, na wiki za mwisho pombe. Yaani alinoneshwa, akaleweshwa, akapandishwa mlimani. Haya tumeshayajua. Kiingilio cha leo ni cha kuona nini tena?

Mchangiaji:
Mkuu, punguza jazba. Bila hao watoto, maandishi ya Wahispania kuhusu kafara za Wainka tungeyaona ni uzushi wa mshindi tu. Halafu ukiwarudisha mlimani nani atawalinda? Pale mlima Quehuar, jimbo hilohilo la Salta, wezi wa mali za kale walilipua kaburi la namna hii kwa baruti.

Mleta mada:
Wapi nimesema warudishwe? Wabaki kwenye baridi yao, watafiti waingie kwa kibali, watalii waishie kwenye nguo na vinyago walivyozikwa navyo. Hivi kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, kikipatikana huko Ujerumani, utakubali kikae kwenye kioo watu wakate tiketi?

Mchangiaji:
Sikubali, ila Meli ana wajukuu wanaomtafuta kwa jina. Hawa ni wa nani? Watoto walikuwa wakikusanywa kutoka pembe zote za dola ya Inka. Utamkabidhi nani?

Mleta mada:
Sijaomba akabidhiwe mtu. Naomba pazia. Kwa pazia nalo mpaka aje mjukuu?