Hidrojeni kwenye jenereta: kweli hutoa maji matupu?

Mchana_Mwingi: Wakuu, nina jenereta ya petroli ya kW 2.5 na sola ambayo umeme wake wa mchana hauishi. Nataka kutenganisha maji kwa umeme huo, nihifadhi hidrojeni, usiku niichome kwenye jenereta. Ni kweli ekzosi itatoa maji tu? Na kilo moja itanipa uniti ngapi?

BiKemia: Kwenye seli ya mafuta (kifaa kinachogeuza hidrojeni kuwa umeme bila kuichoma), ndiyo. Kwenye injini, hapana. Kilo 1 ya hidrojeni hula kilo 8 za oksijeni na kutoa kilo 9 za maji, hapo hakuna ubishi. Shida ni kwamba injini huvuta hewa, na asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Joto ndani ya silinda likipita takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, nitrojeni huungana na oksijeni, unapata oksidi za nitrojeni, ambazo huumiza mapafu.

Dawa yake ni kuipa injini hewa mara mbili au zaidi ya ile inayohitajika. Hidrojeni huwaka hata ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, kwa hiyo injini haizimiki. Ila nguvu itashuka sana, kW 2.5 zisahau. Kaboni dioksidi nayo hutoka kidogo, kutokana na oili inayoungua ukutani mwa silinda.

Fundi_Silinda: Niongezee upande wa mtambo. Hidrojeni huwashwa na cheche ndogo mno, kama milijuli 0.02. Ncha ya plagi iliyopata moto au masizi kwenye vali yanatosha kuiwasha kabla ya wakati, moto ukarudi hadi kwenye kabureta. Safisha masizi yote, weka plagi za baridi (zinazopoteza joto haraka), na zisiwe za platinamu, maana platinamu yenyewe huchochea hidrojeni kuwaka. Gesi iingizwe karibu na vali, si kupitia kabureta.

Mvuke unaopenya pistoni hugeuka maji kwenye oili. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, badilisha mara moja.

Hesabu_Kwanza: Tuje kwenye uniti. Kilo 1 ina takriban kWh 33. Jenereta ndogo ikigeuza asilimia 20 ya nishati hiyo kuwa umeme, unapata kama 6.6. Kuitengeneza kilo hiyo kunakula kWh 50 hadi 55. Yaani unarudishiwa kama asilimia 12. Betri ya lithiamu hurudisha karibu 90.

Halafu hiyo kilo moja, bila kugandamizwa, inajaza mita za ujazo 12 hivi. Utaiweka wapi? Mtungi wa gesi ya kupikia usiuguse, haukutengenezwa kwa ajili ya hidrojeni.

Mchana_Mwingi: Duh. Na kwa majaribio madogo tu, chumvi ya jikoni kwenye maji inafaa?

BiKemia: Hapana! Chumvi hutoa gesi ya klorini kwenye ncha chanya, na hiyo ni sumu. Watu hutumia potasiamu hidroksidi, asilimia 25 hadi 30 kwa uzito, ndani ya maji yaliyotoneshwa. Vaa glavu na miwani, inaunguza ngozi. Hidrojeni na oksijeni zitoke kwa mirija tofauti: zikichanganyika kwenye chombo kimoja, hilo ni bomu. Fanyia nje.

Hesabu_Kwanza: Na pesa ya betri ianze kuwekwa pembeni.